Nilimpasua Ndevu Mdomo kwa Mkono Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Wamunyu, na kazi yangu ni kuchora katuni. Najua wapo watakaosoma haya wakacheka. Chekeni! Lakini mbuzi wa katuni ndiye aliyenivunjia uchumba, na mkosaji ni mimi.

Baba yangu ni mchongaji. Tangu nianze katuni yangu ya mtandaoni, Duka la Mama Syombua, yeye ndiye humchonga kila mhusika kwanza. Namweka mezani, namgeuza huku na huku, ndipo namchora. Ndivyo alivyozaliwa Ndevu, mbuzi wa pale dukani ambaye hakuwahi kusema neno. Mama Syombua akimdanganya mteja, Ndevu aliacha kutafuna, akamkodolea macho... basi!

Watoto walimpenda ajabu. Ndevu akitazama tu, wao ndio waliopiga kelele kumwambia Mama Syombua ukweli. Nimewaona watoto wa dada yangu, kule kwao Muthetheni, wakigombana juu ya kile Ndevu alichokuwa akifikiria.

Muthama alikuwa mchumba wangu na mwenzangu kazini. Sauti zote za kiume zilikuwa zake. Alikuwa ameshaleta nyumbani mbuzi wa ntheo, ile posa yetu Wakamba. Siku moja akaja na wazo: Ndevu apewe katuni yake mwenyewe, ahamie mjini Syokimau, avae miwani ya jua, aongee Sheng ya vijana! Muthama alitaka sauti yake isikike. Na mimi? Nilitaka kumpendeza. Naam, nimesema!

Baba alikataa kuchonga Ndevu mwenye mdomo wazi.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, huyu mbuzi hana kitu ya kusema," aliniambia. "Wale watoto ndio wanamsemea. Ukimpatia mdomo, wao watafanya nini?"

Nilimwona mzee asiyejua mambo ya kisasa. Nikachukua kisu chake, nikampasua Ndevu mdomo mwenyewe, palepale karakanani. Baba alinitazama tu...

Jamani, hiyo katuni mpya, Ndevu Mjini, ilianguka vibaya! Mbuzi alipayuka mwanzo hadi mwisho. Mzazi mmoja aliandika kwamba mtoto wake alizima simu, akauliza Ndevu wa kweli alienda wapi. Mpwa wangu hakunionea huruma. "Anti, huyo anaongea kama Anko Muthama. Rudisha Ndevu!" Hata Duka lenyewe likaanza kukimbiwa, kazi yangu ya miaka yote.

Na Muthama je? Alienda redioni akasema wazo lilikuwa langu, eti yeye alinionya! Nilimsikia nikiwa sokoni, nikinunua maembe, watu wamenizunguka. Mliwahi kutamani ardhi ipasuke? Kisha akatuma wajomba zake waseme hanitaki tena na warudishiwe mbuzi wao. Baba aliwafungulia zizi, akawaaga kwa heshima.

Nililia wiki nzima. Sasa nimemaliza! Muthama, kama unasoma hapa, wazo lilikuwa lako na unajua. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, na hilo nalibeba mwenyewe.

Baba alitaka kuziba ule mdomo kwa gundi na unga wa mbao. Nilikataa kabisa. Nilimchora Ndevu vilevile, na kovu lake, nikamrudisha dukani. Mama Syombua alimwuliza, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Ndevu akaacha kutafuna, akamtazama...

Wenzangu, nawasihi, msiharibu kazi ya mikono yenu ili kumfurahisha mpenzi. Na mzazi akikuambia hapana, muulize sababu kabla hujachukua kisu. Mimi sikuuliza, na nimelipa.

Lakini sijashindwa! Jioni ya siku aliporudi Ndevu, simu yangu ilijaa sauti za watoto wakimjibia Ndevu. Ya kwanza ilikuwa ya mpwa wangu, akipiga kelele hadi akakohoa: "Walimkata mdomo ndio aongee. Amekataa!"