Kikombe cha Kwanza

"Ndizi imekomaa. Kata."

Amri ndiyo hiyo. Sidonie, jasusi wa Goma, akaitia simu yake ya Tecno mfukoni, akaikamua pikipiki yake ya TVS kulifuata lori, Fuso iliyotoka Bunagana. Ilikuwa imeshapita Kibumba.

Bastola yake ya Glock ikabweka mara mbili. Tairi likapasuka. Fuso ikayumba, ikalala ubavu kwenye mawe meusi ya volkano.

Mwenye mzigo, Wenceslas, akatambaa nje akitabasamu. Ana uso mkavu huyo!

"Chef, ni kasiksi tu," alisema, akionyesha bidoni, madumu ya njano ya pombe ya ndizi.

"Basi nipe. Niko na kiu."

Akamimina kikombe upesi, akampa.

Mjinga. Hapa kwetu hata mama yako mzazi hakupi pombe kabla hajaionja mbele ya macho yako. Sumu imetumaliza, tumejifunza.

"Onja kwanza, papa."

Tabasamu likafa.

"Tumbo inaniuma..."

Mdomo wa Glock ukamgusa kwenye paji la uso.

"Ni dawa!" alilia. "Dawa ya utitiri! Tuliikoroga na kasiksi juu watu wa forodha wasisikie harufu."

Sidonie aliijua. Viwanda viliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Inaua utitiri kwenye nyanya, sawa, lakini inaharibu mishipa ya fahamu ya mkulima, na mimba haibaki salama. Ikiingia udongoni haitoki. Na washenzi hawa walitaka kuwauzia wakulima!

"Bidoni zote?"

"Zote. Moja tu ni kasiksi safi, nilifunga kitambaa chekundu. Tumeishusha Kibumba, kwa arusi ya mudogo wangu."

Sidonie akachungulia ndani ya kabini. Nyuma ya kiti kulikuwa na bidoni yenye kitambaa chekundu.

Wenceslas naye aliiona. "Yesu! Tulishusha ya dawa!"

Sidonie akampigia mwenzake aliyebaki Kibumba.

"Achille! Kimbia pa arusi. Mutu asikunywe!"

Wakangoja. Wenceslas alikuwa akisali kwa sauti. Simu ikalia.

"Chef, wageni wote wako wazima. Hakuna aliyekunywa."

"Na mwenye arusi?"

"Muzee, papa ya mwenye arusi, aliisha onja mbele ya wageni. Njo akaanguka. Amekufa, chef."

"Papa! Papa yangu!" Wenceslas akajipiga kichwa kwenye mawe.

Gari la majasusi wenzake Sidonie likafika kuchukua mzigo. Sidonie akamfunga Wenceslas pingu, akafungua kile kitambaa chekundu, akamrushia.

"Yeye alionja kwanza. Futa machozi."

Akavaa miwani yake ya jua, akawasha TVS, akarudi Goma polepole.