Gemu Ilipoacha Kutumia Mkalimani

Mikono iliyomkaba mdogo wangu shingoni ilikuwa ya mchumba wangu.

Umesoma sawasawa. Mchumba wangu!

"Sema! Magari yetu umempa nani?"

"Bingwa, mwachie, hapumui!"

"Simwachii! Na wewe usimtetee!"

Chaja, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa amebanwa ukutani chini ya feni. Ndala moja mguuni, nyingine sijui imeishia wapi. Nyuma ya Bingwa ukumbi umefurika, na wote wanaongea kwa wakati mmoja. Kijana mmoja alikuwa ameshika mguu wa kiti. Jamani... mguu wa kiti!

Magari yaliyokuwa yanatafutwa si ya barabarani. Ngojeni niwaeleze kwanza, halafu tutarudi hapo hapo ukutani.

Mimi na Chaja tuna ukumbi wa gemu. Kompyuta zetu zilitoka kwenye ofisi moja iliyohama ikaziacha kama takataka. Zilikuwa zimechoka. Windows mpya ilizikataa zote, na ile ya zamani ilikuwa inazifanya ziheme juu juu kama zimepanda ngazi na gunia kichwani.

Nikajifunza Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, usiouzwa. Hakuna aliyenifundisha, nilisoma na kukosea, nikasoma tena. Nikaiweka kwenye mashine moja baada ya nyingine, na zote zikapona.

Shida ikabaki kwenye gemu zenyewe. Gemu kubwa zinazopendwa na watu zilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwetu zilichezwa kupitia programu ya katikati, mimi huiita mkalimani. Gemu inasema lugha yake, mkalimani anasikiliza, anaieleza mashine. Inafanya kazi, sikatai, lakini ukikata kona gari linafikiria kwanza!

Watu walitucheka tukazoea.

"Dada, Linux ni ya watu wa maofisini. Huku tunataka kucheza!"

"Vukeni barabara muende ng'ambo. Kule mashine zinapaa."

Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi mwingine, una kiyoyozi na viti vinavyozunguka. Kila aliyeudhika nasi alikwenda huko, na baadhi hawakurudi.

Halafu ikaja habari. Watengenezaji wa gemu ya magari, ile ile iliyokuwa inajaza ukumbi wetu, wakatangaza kwamba toleo la Linux linakuja. La Linux yenyewe, bila mkalimani!

Ndugu zangu, utulivu ulinihama. Nikipika, nachungulia simu. Nikioga, simu iko dirishani. Na Chaja ndiyo usiseme.

"Dada, limetoka?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Chaja, hata sijameza mate!"

Tarehe hawakutaja. Waliandika "karibuni" tu. Hilo neno linaweza kumzeesha mtu.

Nilikuwa nawaza hivi: gemu moja kubwa ikija kwetu kwa miguu yake yenyewe, wengine wataona inawezekana, na wao watazileta za kwao. Hapo ndipo ukumbi wetu utaacha kuwa kichekesho cha mtaa.

Sasa turudi kwenye hiyo siku.

Ilikuwa siku ya fainali. Bingwa dhidi ya Mama Pacha, muuguzi mmoja anayekuja kucheza akiwa na sare yake ya kazi. Mshindi angekwenda kutuwakilisha kwenye mashindano ya kumbi zote. Bingwa hakuwahi kushindwa kwetu. Alikuwa na mbio fulani za mwisho, akifika kwenye barabara iliyonyooka anakupita kama umeegesha. Ndipo alipolipata hilo jina, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa najivuna nikilisikia.

Nilitoka mara moja kununua waya wa mtandao. Niliporudi nikakuta hayo niliyowasimulia.

Kila mchezaji alikuwa na gari lake alilolijenga kwa miezi. Injini, matairi, rangi, ushindi wake wote umo humo. Siku hiyo walipofungua gemu, wakakutana na maandishi mazuri kabisa: Karibu, mchezaji mpya! Chagua gari lako la kwanza!

Hakuna kilichobaki. Mashine zote.

Na kuna mtu alikuwa amemwona Chaja mapema akitoka kwenye ukumbi wa ng'ambo.

"Kawauzia wale!" mmoja akapayuka.

"Apelekwe kituoni!"

"Kituoni baadaye, kwanza atutajie!"

Aliyejipenyeza katikati hakuwa mimi. Alikuwa Mama Pacha. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bingwa.

"Toa vidole hapo, kaka. Hilo ni koo, si usukani."

Kuna waliocheka. Bingwa akalegeza, lakini hakusogea.

Mimi hapa ukumbini wananiita Dada Taratibu, na si kwa kunisifu. Nikamsogelea mdogo wangu.

"Chaja. Imekuwaje?"

Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Ni mimi, dada."

Akainua uso akanitazama.

"Nimefuta mimi. Nilipofungua mashine, zikaniuliza kama nataka toleo jipya... la Linux, dada! Limetoka! Nikasema nikufanyie sapraizi, ukirudi ukute tayari. Nikakubali kwenye zote. Kufungua... tupu! Nikakimbilia ng'ambo kuwauliza kama wanajua kurudisha. Wakanicheka mpaka nikatoka."

"Mmesikia?" Bingwa akawageukia watu. "Kakiri kwa mdomo wake! Basi, fainali hakuna leo. Haya matakataka mapya yafutwe yote, irudishwe gemu ya zamani, ndiyo tuongee!"

"Ndiyo! Yafutwe!"

"Tukifuta bila kuangalia, hapo ndipo tutapoteza kweli," nikasema. "Nipeni nafasi kidogo."

"Uangalie nini, mpenzi wangu? Mtu kakiri!"

"Mtu anaweza kukiri kosa ambalo halipo."

"Unamtetea kwa sababu ni damu yako!"

"Kama namtetea au simtetei, nitajua nikishaangalia."

Nikavuta kiti, nikakaa. Watu wakajipanga mgongoni kwangu, pumzi zao nazisikia shingoni. Yule wa mguu wa kiti naye akaja, na mguu wake.

Nikaanza na jambo moja tu. Mkalimani ana chumba chake ndani ya mashine. Kama Chaja alifuta kila kitu, chumba hicho kingekuwa kimeondoka. Nikakitafuta.

Kipo.

Nikakipima uzito. Kizito vile vile!

"Mama Pacha," nikaita, "mwizi akiingia kwako, akaondoka na stoo ikabaki imejaa, amekuibia nini?"

"Ameniibia usingizi tu. Kwani vipi?"

"Gemu ilikuwa inaishi kwa mkalimani. Kila kitu chake ilikiweka kwenye stoo ya mkalimani. Hili toleo jipya halimhitaji, limehamia nyumba yake lenyewe. Sasa mtu akihamia nyumba mpya akakuta kabati tupu, hajaibiwa..."

"Hajahamisha nguo!" Mama Pacha akapiga kofi. "Jamani! Hajahamisha nguo tu!"

Nikaweka nakala ya kila kitu pembeni kwanza, kwa sababu mimi sipendi kujaribu bila akiba. Kisha nikahamisha gari la Mama Pacha kutoka stoo ya zamani kwenda makazi mapya. Nikafungua gemu.

Mama Pacha akainamia kioo...

Gari la bluu likatokea.

"Langu hilo! Langu! Hata ule mkwaruzo wa mlangoni upo!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Mama Pacha akakamata usukani akakata kona ya kwanza, na gari... halikufikiria! Likapita kama maji. Kwenye zile kompyuta za takataka, ndugu zangu. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Nikageuka. Yule wa mguu wa kiti alikuwa ameuegemeza ukutani polepole, kama mtu aliyeokota tu.

Chaja alikuwa ameketi sakafuni, kichwa katikati ya magoti, mabega yanacheka na kulia kwa pamoja.

Mtu mmoja tu hakufurahi.

"Mimi bado nataka ya zamani," Bingwa akasema.

"Kwa nini? Nimeshahamisha na gari lako. Hilo hapo."

"Hii sijaizoea."

"Nani kaizoea?" Mama Pacha akadakia. "Sote tumeiona leo. Au unaniogopa?"

"Nikuogope wewe? Nenda kachome watu sindano huko!"

"Leo zamu yako. Kaa nikuchome."

Watu wakaanza kuimba akae, akae, akae. Akakaa.

Wakaondoka sawa. Kona za mwanzo Mama Pacha akatangulia kidogo, hakuna aliyeshangaa, kwa sababu Bingwa siku zote huachia watu mwanzoni. Wote tulikuwa tunasubiri ile barabara iliyonyooka. Ikafika.

Hakuna kilichotokea!

Gari lake likaenda kama gari la mtu mwingine yeyote. Yeye anajikunja, anauma mdomo, na mimi nikamtazama mkono wa kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kinabonyeza kitufe kimoja cha pembeni, tena na tena, kwa hasira. Kitufe ambacho gemu ile haina kazi nacho kabisa.

Mama Pacha akamaliza, akainuka, akajipepea na kofia yake.

Nikamwomba Bingwa tuzungumze nyuma, kwenye kijichumba cha kuwekea waya. Sikutaka kumuumbua mbele za watu. Nilitaka anieleze.

"Kile kitufe ni cha nini?"

"Kitufe gani?"

"Nilipohamisha gari lako, kando yake kulikuwa na kiprogramu kidogo cha Windows. Nilidhani ni uchafu, nikakiacha kwa mkalimani. Kinafanya nini?"

Akaangalia waya. Akaangalia dari.

"Kinasukuma gari kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Mpenzi, kila mtu anafanya huko nje..."

"Na bila mkalimani hakiwezi kuishi."

Nikaona mambo yanajipanga yenyewe kichwani. Kwa walivyonisimulia watu, yeye ndiye aliyefika wa kwanza baada ya Chaja kukimbilia ng'ambo. Yeye ndiye aliyekaa kwenye mashine wa kwanza. Na yeye ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza.

"Bingwa, nikuulize polepole. Ulipofungua gemu, maandishi madogo ya juu yanasema kwamba hili ni toleo jipya la Linux. Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Kwa hiyo ulijua Chaja hajauza chochote."

Akaanza kuukunja waya mmoja.

"Ulijua?"

"Nilichanganyikiwa! Kitufe kilikuwa hakifanyi kazi, fainali hiyo hapo, nikaona watu wakipandwa na hasira wataidai gemu ya zamani wenyewe, nitakuwa salama. Sikudhani itafika kule! Nilifanya kwa ajili yetu. Si ulikuwa unajivunia?"

Nikakaa juu ya boksi.

Ule udanganyifu kwenye gemu ningeumeza, labda. Watu hudanganya kwenye mchezo, huona aibu, huacha. Lakini huyu alijua! Alijua mdogo wangu hana kosa, na bado akamshika shingo, akawakabidhi watu wenye hasira mtoto wa mama yangu, ili tu kitufe chake kirudi.

"Rudi kwenu," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ya chini hata mimi mwenyewe nilijishangaa. "Waambie ni mimi niliyevunja uchumba. Sababu wataniuliza mimi."

"Kwa ajili ya gemu? Utaniacha kwa ajili ya gemu?!"

Akasimama pale mlangoni muda, akitumaini nitamwita. Halafu akapita katikati ya watu waliokuwa wamembeba Chaja begani wakimwimba, hakuna aliyemwona akitoka.

Mama Pacha ndiye atakayekwenda kutuwakilisha. Gemu nyingine kubwa bado tunazicheza kupitia mkalimani, na nyingine zinatukataa kabisa mlangoni. Bado nachungulia simu. Lakini moja imekuja, na imekuja na ukweli ambao nisingeutafuta mwenyewe.

Wewe unayesoma, nikuachie hili. Mtu akikuharakisha umhukumu mwingine, usimwangalie anayenyooshewa kidole peke yake. Muulize anayekuharakisha kuna nini anachokikimbia. Nami nilichokifanya siku ile hakikuhitaji elimu kubwa, nilikaa kwenye kiti nikaangalia kabla ya kusema.

Wazee wa upande wake wanapiga simu tangu jana. Wananibembeleza, wanasema nisivunje uchumba kwa sababu ya gemu.

Nawajibu kwa heshima zote kwamba gemu niliisamehe siku ile ile. Chaja bado hawezi kumeza chakula kigumu.