Mlango wa Dharura

Jumatano, saa tisa alasiri.

Muzammil alipanga wizi huku akipaka rangi nyekundu mtungi wa kuzimia moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake ya halali mbele za watu: kununua mitungi mikuukuu, kuipaka rangi, kuibandika karatasi ya ukaguzi na kuiuza upya. Ndani hatii kitu. Chumba cha nyuma ya duka lake, pale Shella, kilinuka rangi mbichi.

"Kesho saa nne kiwanda cha korosho chafanya zoezi la moto," alisema. "Nimeliandaa mimi. King'ora kikilia, kila mtu nje, uwanja wa mbele. Nami nitakuwa huko huko, mbele ya macho ya tajiri mwenye kiwanda, nahesabu vichwa. Nyinyi wawili mwaingia ofisini na ovaroli na kofia ngumu. Mwavunja kabati, mwatwaa kasha la pesa za kununulia korosho, mwatokea geti la nyuma. Nani atamuuliza mtu wa zimamoto aenda wapi?"

Chengo, dereva, alicheka. Mwaringa hakucheka.

"Dadangu Kache yumo mle," alisema. "Ni mbanguaji."

"Namjua."

"Na moshi wa hilo zoezi?"

"Pipa moja, matairi mawili. Moshi wa picha tu. Tajiri ataka picha awaonyeshe watu wa kaunti, apate cheti chake cha usalama."

"Na milango?"

Muzammil aliweka brashi chini. "Sheria yasema siku ya zoezi milango yote wazi, watu wote nje. Bwana we, waogopa moshi au waogopa kazi?"

"Naogopa kumzika dadangu."

"Atakuwa uwanjani acheka na wenzake. Wallahi." Akamsukumia mkasi mrefu wa kukatia vyuma. "Geti la nyuma lina mnyororo. Kazi yako ni hiyo."

Mwaringa aliuchukua. Mama yao alipofariki Kache alikuwa bado ananyonya. Yeye ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni kwenye vibarua vya kulima huko Magarini. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Alhamisi, saa nne asubuhi.

King'ora kililia. Pipa Chengo alikuwa ameshaliwasha. Aliambiwa aliweke wazi, katikati ya ua. Lakini pale jua lilikuwa kali, na Chengo si mtu wa kusimama juani. Akalivingirisha hadi kivulini, kando ya rundo la maganda ya korosho. Maganda yana mafuta yanayoshika moto kuliko mafuta ya taa. Kila mbanguaji anajua, na vidole vyake vimebabuka kwa mafuta hayo hayo. Chengo alikuwa mtu wa magari.

Ofisi ilikuwa tupu. Mtaimbo mmoja, kabati likafunguka. Chengo akalikumbatia kasha kama mtoto.

"Rahisi kama kumnyang'anya kipofu," alinong'ona. "Twende."

Mwaringa alichungulia dirishani. Uwanjani walisimama makarani na wanawake wachache, aproni zao mpya, safi, wakitabasamu. Muzammil alikuwa akiwahesabu kwa kidole. Meneja alikuwa akipiga picha.

"Wengine wako wapi?"

Kipaza sauti kikamjibu. "Wabanguaji endeleeni na kazi! Hili ni zoezi tu! Walioteuliwa pekee ndio watoke!"

Mwaringa aliunyakua mkasi. Alitoka mbio hadi ua wa nyuma. Moshi haukuwa tena wa picha. Ulikuwa mweusi, mzito, wa kuchoma koo. Rundo zima la maganda lilikuwa linawaka, na paa la banda la kubangulia limeshashika.

Ndipo aliposikia ngumi zikigonga bati.

Mlango wa banda ulikuwa na kibao cha kijani, kimechorwa mtu anakimbia. Chini ya kibao, mnyororo na kufuli. Ulifungwa ili wanawake wasitoroshe korosho.

"Fungueni! Twafa! Fungueni!"

"Geti kwanza!" Chengo alimshika shati. "Mwaringa, geti!"

"Kache yumo ndani."

"Tukikamatwa hapa ni kitanzi! Lete huo mkasi!"

Mwaringa alimpiga kichwa cha pua. Chengo aliyumba, damu ikamtiririka mdomoni, lakini kasha hakuliachia. Akakimbilia pikapu. Mwaringa alisikia injini ikinguruma, kisha kishindo cha geti likivunjwa. Baada ya hapo Chengo hakuonekana tena Pwani yote.

Mnyororo ulikatika mara ya tatu. Wanawake wakamwagika nje, wanakanyagana, wanakohoa. Kache hakuwa miongoni mwao. Mwaringa aling'oa mtungi mwekundu ukutani, akabinya. Haukutoa hata pumzi. Akautupa, akajifunika shati usoni na kuingia.

Alimkuta chini ya meza, kitambaa kinamwakia mabegani. Alimzimia moto kwa viganja vyake mwenyewe, akamvuta kwa kwapa hadi nje. Wanne waliobaki ndani hakuwaweza. Paa lilianguka.

"Kaka," Kache alisema. Basi.

Muzammil alikuja akikimbia, meneja na askari nyuma yake. Alimtazama Mwaringa, akautazama moto, akapima.

"Huyu hapa!" alipiga kelele. "Mimi nilimpa kibarua tu, kumbe mwizi! Ndiye aliyewasha!"

Miezi minane baadaye, mahakamani.

Ule mnyororo haukuonekana popote. Meneja aliapa mlango ulikuwa wazi. Muzammil aliapa mitungi ilikuwa mizima. Cheti kililetwa, kina mhuri. Ikiwa mlango ulikuwa wazi, damu ya wale wanne ilikuwa ya jambazi peke yake, na kiwanda kingefunguliwa mwezi ujao.

Shahidi wa mwisho alikuwa Kache. Tajiri alimlipia hospitali, na alimwekea nafasi yake ya kazi. Alikuja na gauni la mikono mirefu, joto lile lote.

Mwaringa hakuwa na wakili. Alisimama kumhoji mwenyewe.

"Kache."

Hakumtazama.

"Siku ile mlango ulikuwaje?"

Feni ilizunguka. Kwenye benchi la nyuma tajiri alikunja mguu.

"Nani alikutoa mle ndani, Kache?"

"Nilitoka mwenyewe," alisema, sauti bado imekwaruzwa na moshi. "Mlango ulikuwa wazi. Lakini moto uliuwasha wewe, kaka. Huo sikusingizii."

Hakimu aliandika. "Mshtakiwa, una swali jingine?"

Mwaringa alitafuta swali. Yalikuwepo mengi.

"Sina, mheshimiwa," alisema. "Mwacheni awahi kazini."