Daktari wa Kwenye Noti

Ludovick Rwegasira ni fundi wa majengo huko Hässelby, Stockholm. Bomba likivuja, anaitwa yeye. Mlango ukigoma kufunga, anaitwa yeye. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mitatu, na kanuni yake ni moja: kinachovuja huzibwa. Kwa kanuni hiyo amepata heshima kwa wapangaji wote wa mtaa. Mwezi wa tano mwaka huu, kanuni hiyo hiyo nusura imuue.

Ana tabia nyingine pia. Habebi maneno ya watu kirahisi. Ukimweleza jambo, anakuuliza, "Nani aliona?" Ukijibu kwamba watu wanasema, basi kesi umeshindwa. Mkewe, Dativa, ameishi na swali hilo tangu siku za uchumba, na bado hajalizoea.

Siku ya Jumamosi Ludovick alikwenda kwenye kipande chake cha bustani. Hapo hupanda maharage, maboga na viazi, maana majira ya joto Stockholm ni mafupi na mtu hana budi kuwahi. Alikuwa amepewa mifuko miwili ya samadi ya farasi na jirani mwenye zizi. Alimwaga samadi, akaitandaza kwa reki. Miguuni alivaa malapa. Dativa alikuwa amemwambia avae buti, lakini buti alikuwa ameziacha nyumbani.

Chini ya samadi kulikuwa na ubao wenye msumari. Ludovick aliukanyaga. Msumari ulipita kwenye lapa, ukaingia katikati ya unyayo.

Alikaa chini, akauchomoa. Damu ilitoka kidogo tu. Aliuangalia msumari kwa jicho la fundi. Ulikuwa mpya, unang'aa.

"Hauna kutu," alijiambia. "Hakuna neno."

Alifuta unyayo kwa kitambaa. Kisha akafungua begi lake la vifaa, akatoa gundi kali, akatia matone matatu kwenye tundu. Juu yake akazungusha utepe mweusi wa mafundi umeme. Akaendelea kupanda maharage.

Jioni Dativa aliuona ule utepe.

"Baba Hanna, umeziba mguu kama bomba?"

"Kwani unavuja?"

"Hauvuji."

"Basi kazi imekwisha."

Dativa aligeukia sufuria zake. Kuna siku mtu huchoka kubishana na mume mwenye majibu.

Jumapili walirudi kutoka kanisani, na Ludovick alikuwa anachechemea. Mguu ulikuwa umevimba na una moto. Alikaa jikoni, akaomba chai. Muda si mrefu mlango uligongwa, akaingia Ghislaine. Huyu ni jirani yao wa ghorofa ya tatu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Ni muuguzi katika kliniki moja ya Sundbyberg, na kila Jumapili huja kunywa chai yenye tangawizi.

"Papa Hanna, mbona unatembea kama bibi harusi?" aliuliza. "Nani amekupiga muguu?"

"Msumari tu."

"Ulioshwa na maji na sabuni?"

"Ulizibwa," Dativa alijibu kwa niaba yake. "Kwa gundi."

Ghislaine aliweka kikombe chini. "Gundi ya nini?"

"Ya kuunganishia plastiki," alisema Ludovick. Kwa mara ya kwanza jibu lake halikumpendeza hata yeye mwenyewe.

"Na chanjo ya pepopunda, ya mwisho ulipata lini?"

Ludovick aliusogeza mguu chini ya meza. Neno hilo lilikuwa limemgusa mahali pa zamani. Alikuwa na miaka sita, kijijini Muleba, mama yake alipojifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Damian. Kwa siku sita mtoto alikuwa mzima. Siku ya saba taya zake zilikaza. Siku ya nane mwili wote ukawa mgumu, na jioni yake wakamzika. Ilikuwa mwaka 1972. Watu wazima walisema ni jicho baya. Miaka mingi baadaye mwalimu ndiye aliyemtajia Ludovick jina la ugonjwa.

"Sikumbuki kuchanjwa," alisema mwishowe. "Utotoni kwetu hakukuwa na chanjo, na ukubwani hakuna aliyeniuliza. Lakini pepopunda hutoka kwenye kutu, na msumari wangu ni mpya."

"Hapana, Papa Hanna. Kutu wanaisingizia tu. Kile kijidudu kinakaa mu udongo, na mu mavi ya farasi na ya ng'ombe. Musumari unakisukuma ndani. Na tena, bon, kile kijidudu kinachukia hewa. Mahali hakuna hewa, pale ndipo kinazaa. Sasa weye umekifungia nyumba na ufunguo."

Dativa alishika kifua. Ludovick alikunja uso.

"Kijidudu kinachochukia hewa," alisema polepole. "Nani aliona?"

Dativa alikaribia kumpiga na kitambaa cha vyombo. Lakini Ghislaine alicheka. Alifungua pochi yake, akatoa noti moja, akaiweka mezani.

"Huyu ndiye aliona."

Ilikuwa noti ya Japani, ya yeni elfu moja. Binti yake, Tiana, alikuwa amesoma huko nusu mwaka na kumletea kama ukumbusho. Juu yake kulikuwa na picha ya mzee mwenye miwani na masharubu, anayeangalia mbele kwa utulivu.

"Shibasaburo Kitasato," alisema Ghislaine. "Daktari. Alizaliwa mu kijiji cha milimani, kisiwa cha kusini. Akasoma kwao, kisha wakamutuma Berlin kujifunza vijidudu. Wakati ule wataalamu walikuwa wanatafuta kijidudu cha pepopunda. Walikiona mu usaha, lakini kila mara kimechanganyika na vingine. Kukitenga walishindwa. Mwingine akasema, kile hakiwezi kuishi peke yake."

"Na yeye?"

"Yeye hakukubali kwa sababu mukubwa amesema. Alikuwa kama weye."

Ludovick alivuta kiti karibu. Chai yake ilianza kupoa, na hakuwa na habari nayo.

Ghislaine alieleza taratibu. Kitasato aliuchukua ule mchanganyiko, akaupasha moto karibu saa nzima. Hakuuchemsha. Aliupa moto wa kiasi kinachotosha kuua vijidudu vya kawaida. Vingine vikafa vyote. Cha pepopunda kikabaki, kwa sababu hujifungia ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu. Kisha akatengeneza chombo kisicho na hewa, akakijaza gesi nyingine, akakikuza humo. Kikaota peke yake. Ilikuwa mwaka 1889. Kitu ambacho wakubwa walisema hakiwezekani kilikuwa mbele ya macho yake, safi, bila mchanganyiko.

Ludovick aliinua noti kwa mikono miwili. Alijua kazi ya kutafuta tundu dogo ndani ya ukuta mzima. Lakini huyu alikuwa ametafuta kitu kisichoonekana kwa macho, kinachoikimbia hata hewa, na akakipata kwa subira na moto wa kiasi. Alisikia nywele za mikono zikisimama.

"Hakuishia pale," Ghislaine aliendelea. "Aliona kijidudu chenyewe hakitembei mwilini. Kinabaki kwenye kidonda, kinatoa sumu. Sumu ndiyo inatembea, inakaza misuli. Sasa yeye na mwenzake Mjerumani wakapatia sungura ile sumu kidogo kidogo. Damu ya sungura ikajifunza kupigana. Wakachukua maji ya damu ile, wakapatia panya. Panya wale wakapewa sumu ya kuua. Hawakukufa."

"Hawakufa?" aliuliza Dativa.

"Hata mmoja wa wale walikingwa. Mwaka 1890. Chanjo ya leo ilikuja nyuma, kwa kazi ya wengine. Lakini mlango alifungua yeye. Sasa, Papa Hanna, mwenye kuona nimekuonyesha. Unangoja taya zikaze?"

Hanna, binti yao wa miaka kumi na sita, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Pappa, jag ringer nu," alisema kwa Kiswidi, kwamba anapiga sasa hivi. Alibonyeza 1177, namba ya ushauri wa afya. Muuguzi wa upande wa pili aliuliza maswali manne tu, kisha akasema mgonjwa aende leo leo, asingoje Jumatatu.

Ludovick alisimama. Alivaa kiatu kimoja na lapa moja, akamfuata mwanawe bila swali lolote. Dativa alisema baadaye kwamba huo ndio muujiza wa kwanza aliouona siku ile.

Kwenye kliniki ya dharura, muuguzi kijana aitwaye Anton alikitazama kidonda kwa muda.

"Nimeona watu wakitia asali," alisema. "Wengine kahawa. Gundi ya plastiki ni mara ya kwanza."

Alitoa gundi yote. Akafungua kidonda, akakiosha kwa maji mengi, akatoa uchafu uliobaki ndani, akakifunika kwa bandeji nyepesi. Daktari akaandika dawa ya uvimbe. Kisha zikaja sindano mbili.

"Hii ya kwanza ni chanjo," alieleza Anton. "Inaufundisha mwili wako kujikinga. Lakini kujifunza huchukua muda, na kidonda chako hakina subira. Ndiyo maana kuna ya pili. Ina kinga iliyokwisha kutengenezwa, inaanza kazi leo. Utarudi kwa chanjo nyingine baada ya mwezi mmoja, na nyingine baada ya miezi sita au zaidi. Usikose hata moja."

"Hiyo ya pili," aliuliza Ludovick, "ilianzia kwa yule Mjapani wa Berlin?"

Anton alimtazama kwa mshangao. "Kitasato? Ndiyo. Wagonjwa hawaniulizi hilo."

Sindano ilipoingia, Ludovick hakugeuza uso. Aliitazama mpaka mwisho. Aliwaza kwamba akili ya mtu aliyekufa zamani, wa nchi asiyowahi kufika, ilikuwa inaingia katika mkono wake. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

Uvimbe ulikwisha kwa siku chache. Wiki tatu zilipita na taya hazikukaza. Dativa naye alikwenda kuchanjwa, maana alipoulizwa hakukumbuka tarehe yoyote. Bustanini Ludovick anavaa buti, na akijikata anaosha kwa maji na sabuni kabla ya yote.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilokuwa anaahirisha. Mpwa wake, Leokadia, alikuwa mjamzito miezi mitano huko Muleba, na aliishi kwa bibi yake. Bibi huyo ndiye mama yake Ludovick, Ma Paskalia. Siku moja ya Jumamosi asubuhi Ludovick alimpigia mama yake. Alimweleza habari za udongo na samadi, na za yule daktari. Akamwambia Leokadia apate chanjo kliniki, ajifungulie zahanati, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na kisipakwe chochote.

Ma Paskalia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo bwana alitambua lini?" aliuliza.

"Mwaka 1890, mama."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Hata bibi alikuwa hajazaliwa."

"Kitovu cha Damian nilikipaka mimi. Majivu na samadi. Kwa mkono huu."

"Ulifanya ulivyofundishwa, mama. Habari ndiyo iliyochelewa kutufikia."

Ma Paskalia akauliza jina la daktari. Ludovick akalitaja, naye akalirudia, "Kitasato," sawasawa, kwa mara ya kwanza, utadhani anamtaja mtu wa kijiji cha jirani.

Jumatatu yake Ma Paskalia alichukua fimbo, akampeleka Leokadia kliniki mwenyewe. Mwezi uliofuata alimpeleka tena kwa sindano ya pili. Mwezi wa tisa Leokadia alijifungua zahanati mtoto wa kiume. Wanawake wawili wazee walikuja na majivu kwenye kifuu. Ma Paskalia aliwapokea kwa heshima, akawapa uji, na majivu akayamwaga nje.

Siku ya tisa alimpigia Ludovick. Hakumsalimu.

"Sikiliza," alisema, akaisogeza simu kitandani.

Mtoto alikuwa analia kwa mdomo wazi, kwa nguvu zake zote, na hakuna mtu mle ndani aliyembembeleza anyamaze.