Modest na Diski Mpya ya Mama Eva

Watu wa Karatu, ninyi mnaopenda kusema "hilo nalijua", vuteni viti. Nyumba ya Modest na mkewe Antonia ilikuwa ya amani. Modest alikuwa dereva wa kushusha watalii kreta, kule bondeni kwenye wanyama. Antonia alihariri video za harusi kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito, ukiiwasha chai inapoa haijafunguka. Ndipo Antonia akanunua diski ya SSD, ile ndogo yenye kasi, iongezwe humo.

"Baba Eva, usiiguse mpaka nirudi kutoka Oldeani," alisema asubuhi hiyo akibeba kamera. "Diski ya zamani ina video ya harusi ya mteja wangu Angela. Nataka kuinakili kwanza."

"Mama Eva, kazi yako kubonyeza. Mambo ya nati niachie mimi."

Mnausikia ujuaji huo? Alizoea kumjibu hivyo, na mkewe akaenda zake kazini.

Modest alishika bisibisi, akafungua boksi la kompyuta, akachomeka waya wa umeme na wa data, akaweka Windows kwenye diski mpya. Hapo hakukosea. Mashine iliwaka kufumba na kufumbua, na kichwa kikamvimba. Landcruiser yake ina matangi mawili. Ukibonyeza swichi, mafuta yanahama yenyewe. Akaamini vya diski ya zamani navyo vimeshahama. Akaamua kuisafisha ile ya zamani; kompyuta ilipomwonya kwamba kila kitu humo kitafutika, akabonyeza ndiyo, akachagua usafishaji kamili, ule wa saa nyingi. Kisha akaenda kuosha gari.

Alasiri akaitafuta harusi kwenye diski mpya. Haipo. Akafungua ya zamani. Tupu. Akampigia fundi Isaya.

"Umesafisha kwa njia ya haraka au kamili?"

"Kamili."

"Basi kaka, ya haraka ningejaribu kuvirudisha, lakini hapo hata mimi sina ujanja."

Mara hodi. Ni Angela mwenyewe, na flashi mkononi. Baba yake, Mzee Hhando wa kijiji cha Daa, alikuwa amezikwa siku chache tu zilizopita.

"Shikamoo, kaka Modest. Nimefuata video. Kesho tunamaliza matanga, na mama anataka kumsikia mzee akinibariki kwa Kiiraqw. Sauti yake hatuna kwingine."

Modest akafikiria kusingizia umeme. Antonia akaingia, akaona boksi liko wazi, akautazama uso wa mumewe.

"Nimeifuta," Modest alisema. "Mama Eva alinikataza."

"Yote?" Angela aliuliza. "Hata sauti tu?"

"Hata sauti."

Angela akakaa sakafuni, akalia kama siku ya msiba. Antonia akaketi kando yake, akamkumbatia. Modest alibaki amesimama na bisibisi mkononi, na hakuna aliyemwambia akae.

FUNZO

Ndugu zangu, ujuaji huanza kwa kudharau kazi ya mwenzako. Kabla hujaongeza diski, nakili vilivyomo mahali pengine, kisha vifungue uone kwa macho yako kwamba vimefika. Na mwenye kazi akikuambia ngoja, ngoja. Modest siku hizi anauliza, tena kwa adabu. Lakini kule Daa, mjane wa Hhando hataisikia tena sauti ya mumewe.