Hadi Saa Mbili

Walikutana kwenye duka la fotokopi, watu wamebanana, mashine zinanguruma. Yeye kavaa gauni la kijani, penseli kaichomeka kwenye nywele. Mwanamume aliyekuwa mbele yake kwenye foleni kashika mfuko wa plastiki wenye maji na samaki mmoja mwekundu.

"Kaka, na samaki naye anatoa kopi?"

"Anatafuta mwenzake, dada. Kama una huruma, nipe namba."

Alimpa, tena akaitaja mara mbili, maana kazi yake ilikuwa kuhakiki makala za jarida la wafugaji wa samaki wa mapambo. Ofisini walimwita Bi Hakika. Haukupita mwezi, yule kaka, kumbe muuza samaki, akawa mpenzi wake, na mwandishi wa jarida pia.

Makala yake ya tatu ilisema: "Samaki mgonjwa akae kwenye maji ya chumvi hadi saa mbili." Bi Hakika akampigia simu.

"Mpenzi, saa mbili ipi? Muda wa saa mbili, au mpaka saa mbili ya asubuhi?"

"Wewe nawe! Nani asiyejua? Njoo tule, acha kunichambua kama mchele."

Alicheka, akaweka tiki. Hapo alikosea, na mimi simtetei.

Toleo lilipotoka, mwalimu mmoja mstaafu alifika ofisini na barua mkononi. Aliwatia samaki wake kwenye maji ya chumvi jioni, akawatoa saa mbili asubuhi. Kumi na mmoja, wote wamekufa. Marehemu mkewe ndiye aliyewanunua.

"Usichapishe sahihisho, nakusihi," muuza samaki alisema kwenye simu. "Nani atanunua kwangu tena? Unanipenda kweli?"

"Nakupenda sana. Na sahihisho linatoka."

"Likitoka, usinitafute."

Alilia, akanawa uso, akaandika: "Mwandishi alitumia neno lenye maana mbili. Mhakiki aliliona, akalipitisha kwa kuwa anampenda mwandishi. Kosa la mhakiki ni kubwa zaidi. Tunamwomba msomaji radhi."

Mhariri alivua miwani. "Binti yangu, hili la kumpenda nalo tulichape?"

"Ni kweli, mzee. Nimelihakiki."

Wiki tatu simu ikawa kimya. Ya nne, muuza samaki akasimama mlangoni, shati limenyooshwa, macho mekundu.

"Natoka kwa mwalimu. Nimempelekea samaki kumi na mmoja, nikamwomba msamaha. Ameniuliza kama na wewe nimekuomba." Akaweka karatasi mezani. "Nisamehe, mpenzi. Hakiki hii."

Iliandikwa kwa mkono: "Nataka kukuoa. Jumamosi saa mbili nakuja kwenu kuonana na mama."

Bi Hakika aliisoma mara mbili. Akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika "asubuhi" baada ya "saa mbili".

"Na nikija jioni?"

"Utakuta nimeshaolewa," alisema, machozi yakimtoka, akaweka tiki.