Kipande cha Kwanza Kilikuwa kwa Baba Yake

— Sema basi! Huyo mwandishi wako wa Kindu anaanza namna gani?

Rémy alisimama mbele yangu akitabasamu. Wasomaji wote wakanitumbulia macho.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa 1984, kwenye baraza la Martine, mtaa wa Bigo, mjini Bunia. Hapo ndipo sisi wapenda vitabu tulipokutana kubishana. Martine alimtetea mama mmoja mwandishi wa Bukavu. Rémy, mwalimu mwenye viatu vya kung'aa, aliwasifu wale wa Kisangani. Nami Paluku, niliyejifunza kutunga mashairi bila mwalimu, nilikuwa nimetangaza kwa sauti kubwa kwamba hakuna anayeanza kitabu kama yule wa Kindu.

Shida ni moja tu: ule mwanzo sikuwa nimeusoma.

Bunia kitabu chake kilifika kimoja, wasomaji wakawa kumi. Kwa hiyo tulikikata vipande vitatu kwa wembe, kila mtu akasoma alichopata. Mimi nilipata cha katikati, kisha cha mwisho. Cha kwanza alikuwa nacho Viviane, mpenzi wangu. Kila nilipomwomba alijibu: "Njoo kwetu ukichukue." Sikwenda. Baba yake, fundi cherehani, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mashairi hayajengi nyumba, nami niliapa sitakanyaga kwake mpaka aniombe radhi.

— Anaanza vizuri kuliko bote, nikajibu.

— Ee! Huyu hakusoma! Martine akapiga makofi.

— Nitamusaidia, Rémy akasema. Inaanza hivi: "Siku ya arusi yangu watu wote walicheka, isipokuwa mimi."

Wakashangilia. Mimi damu ilinipanda kichwani. Bunia nzima kipande hicho kilikuwa kimoja! Nikamgeukia Viviane.

— Umemupa Rémy?

— Paluku, ngoja...

— Miye unaninyima, yeye unamupa! Basi akuoe!

Viviane aliinuka. Machozi yalimjaa, lakini sauti haikutetemeka.

— Sikumupa kitu. Papa ndiye anakishika. Kila jioni anakisoma kwa sauti, jirani bote banasikia. Rémy anakuja kumusalimia, anakaa, anasikiliza. Weye haukuji! Na kesho bajomba zake banakuja na mbuzi, kuniposa. Minakuambia njoo kwetu, njoo kwetu. Ulifikiri ni kwa sababu ya kitabu?

Akaondoka bila kuaga.

Rémy alitazama viatu vyake.

— Miye nilifikiri mulishaachana, akasema polepole. Hakuna mutu alikuona kwao hata siku moja.

— Kichwa nguvu! Martine akanifokea. Unangoja nini? Ende!

Nilipita nyumbani kuchukua vipande vyangu viwili, kisha nikaenda mbio hadi kwa fundi. Nilimkuta barazani, miwani puani, mguu ukikanyaga cherehani.

— Jambo, papa.

— Jambo. Weye ni ule wa mashairi.

— Ndiyo, papa.

— Uko na nini mukononi?

— Kitabu cha yule wa Kindu. Katikati na mwisho.

Cherehani ikanyamaza.

— Mwisho? Uko na mwisho? Miye narudilia mwanzo tu, hata usingizi sipati! Kaa! Ule binti, anamalizia wapi?

Njiani nilikuwa nimetunga beti nzito za kumshinda. Zote zilinitoka kichwani.

— Kwanza uniambie, papa. Kwa mwanzo, mbona hacheki?

— Si baba yake alimuchagulia bwana bila kumuuliza! Halafu yeye mwenyewe anacheka kwa arusi! Mujinga, ule baba! Kila jioni minamutukana!

Viviane alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

— Papa, kesho nani atacheka?

Mzee alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la suruali aliyokuwa akiishona, akaivaa, akaivua tena.

— Haukuniambia kama haumutaki mwalimu.

— Haukuniuliza, papa.

Kisha akanigeukia kwa ukali.

— Na weye ulikuwa wapi?

— Nilikasirika. Ulisema mashairi haijengi nyumba.

— Haijengi! Na kasirani, inajenga?

Nikainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishindwa bishano, na sikuumia.

— Hapana, papa.

— Leta vile vipande.

Alichukua sindano na uzi mnene wa makoti. Mbele yetu akavishona vipande vitatu, mwanzo, katikati na mwisho, akakata uzi kwa meno.

— Kwa mwalimu nitaenda miye mwenyewe, leo, kabla mbuzi haijatoka. Weye, ambia baba zako bakuje. Na mwisho sitasoma. Utanisomea siku ya arusi, mbele ya bote.

Siku ilipofika, kabla ya chakula, fundi aligonga chupa kwa kijiko akadai kitabu chake. Rémy, aliyekaa karibu na Martine, ndiye aliyeniletea, akanipa mkono.

Nikafungua, nikaanzia mwanzoni kabisa. "Siku ya arusi yangu watu wote walicheka, isipokuwa mimi."

Nilimtazama Viviane. Alikuwa anacheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani, na ilinibidi ningoje atulie ndipo niendelee.